Walichokiita Mkia

Mtoto wa Gacheri hakungoja tuktuk. Alikuja alfajiri, mvua ikiyapiga mabati ya mtaa wa Bulapesa, mjini Isiolo, na mikono iliyompokea ilikuwa ya jirani, Kabale, aliyeitwa kwa kugongewa ukuta. Mtoto alikuwa msichana. Alilia vizuri na kurusha miguu vizuri. Kathambi, nyanya yake, alikuwa ameshaanza kuimba pambio la shukrani pale mlangoni, beseni la maji moto mkononi, ndipo akagundua kwamba Kabale amenyamaza.

"Mama Kiambi, kuja uone hii."

Kabale alikuwa amemlaza mtoto kifudifudi juu ya leso. Chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kitu. Kilianza chembamba, kikanenepa kidogo kuelekea mwisho, na urefu wake haukuzidi kidole gumba. Ngozi iliyokifunika ilikuwa nyembamba na ilimeremeta kwa taa ya simu. Kathambi aliweka beseni chini na nusu ya maji ikamwagikia miguu yake.

"Ni nini?"

"Mimi sijui. Watoto nimeshika wengi, hii sijawahi ona. Wallahi. Daktari aangalie."

"Mama yake ameona?"

"Bado. Nimekuita wewe kwanza."

Gacheri alikuwa amelala kitandani, amegeukia ukuta, amechoka hajitambui. Kathambi alimvuta Kabale kando. "Sisi ni majirani tangu mwanangu Kiambi akinyonya. Yangu umeficha mengi, na yako nimeficha. Hii pia uifiche."

"Kuficha nitaficha," Kabale alisema. "Lakini daktari aangalie."

Kathambi alimfunga mtoto kwa shuka, akakaza sana kuliko ilivyohitajika. Kuna neno lililokuwa limemjia kichwani. Alilifukuza, likarudi, akalikemea kwa jina la Yesu, likarudi tena na kukaa. Neno lenyewe lilikuwa mkia.

Mwanamke mwingine angeona uvimbe akaita uvimbe. Kathambi hakuweza, na kosa lilikuwa la mdomo wake mwenyewe.

Alikuwa muuza kabichi na ndizi sokoni, mjane, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na mtu asiyejua kusema polepole. Mwanawe wa pekee, Kiambi, alifundisha baiolojia katika shule ya kutwa hapo hapo mjini. Kila mwaka kidato cha nne kilipofika mada ya asili ya uhai, wazazi wengine walimwendea Pasta Gichunge wakilalamika kwamba watoto wao wanafundishwa kuwa binadamu alitoka kwa nyani. Pasta alikuwa mtu mpole. Aliwaambia watoto wajibu mtihani vile kitabu kinavyotaka, na moyoni waweke wanachokijua. Aliyewaka moto ni Kathambi. Jumapili moja alisimama kutoa ushuhuda na kusema:

"Mimi sijasoma, lakini naomba kitu kimoja tu. Nionyesheni mtu mwenye mkia. Mmoja! Siku hiyo nitafunga mdomo. Na kama kuna mtu anatafuta ndugu zake, nyani wako Gotu kando ya mto. Nauli nitamlipia."

Kanisa lilicheka mpaka mpiga kinanda akaacha kinanda. Kiambi alikuwa ameketi katikati ya kicheko hicho, mkewe akiwa na mimba kando yake. Kesho yake shuleni akakuta wameandika ubaoni: *Mwalimu, gari ya Gotu inajaa*. Akafuta mwenyewe na kuendelea na somo.

Nyumbani waliendelea na ubishi wao juu ya sahani za githeri. "Hiyo mbegu ya kwanza kabisa," Kathambi angeuliza, "ilitoka wapi? Jiwe lilizaa?"

"Hapo kitabu hakina hakika, Mama. Wanadhani tu."

"Basi! Wanadhani. Mimi najua."

"Lakini hata wewe una mfupa wa mkia. Hapo unapokalia. Ulibaki."

Angemtupia kitambaa cha meza, naye angecheka, na Gacheri angewaomba wale chakula kisipoe. Walipendana hivyo, mama na mwana. Lakini ukiwatazama vizuri ungeona kwamba kila mmoja alitaka kushinda, na alitaka sana.

Kiambi aliingia amelowa chapachapa, amekosa tuktuk, amekimbia mpaka stendi na kurudi. Mama yake alijaribu kumzuia asimfungue mtoto, lakini baba hazuiwi kwa mtoto wake wa kwanza. Alifungua shuka. Akageuza. Akatazama kwa muda.

Kisha akainua macho kwa mama yake, na kitu kikapita usoni mwake, kitu chepesi karibu na tabasamu.

"Mama," alisema. "Sasa unaona?"

Kathambi aliona kama amepigwa kofi. Hata Kiambi mwenyewe alishtuka kusikia aliyoyasema, kwa maana upesi alimfunga mtoto, akamkumbatia na kwenda kukaa kitandani kwa mkewe.

"Kuna nini?" Gacheri aliuliza. "Mbona mnanong'onezana? Nipe mtoto wangu."

Alimpa. Gacheri alipapasa, akaona. "Tumpeleke hospitali."

"Usiogope." Kiambi alitumia sauti ya darasani, ile isiyo na wasiwasi. "Ni mfupa wa mkia tu, umezidi kidogo. Iko kwa kitabu. Mara moja moja mtoto huzaliwa nayo. Haina shida."

"Wewe si daktari."

"Ndiyo, lakini nafundisha hii kitu kila mwaka. Pumzika. Wiki ijayo kliniki ya chanjo watamwona."

Gacheri alimgeukia mama mkwe wake. Alijua kwamba kama kuna mtu wa kumpinga Kiambi juu ya mifupa ya mkia, ni huyu. Naye Kathambi alikuwa anafikiria foleni ya hospitali, wauguzi wanaosali nao kanisa moja, mtoto kuvuliwa nguo mbele ya watu.

"Kiambi amesema kweli," Kathambi alisema. "Ngojeni kliniki."

Ilikuwa mara ya kwanza mama na mwana kukubaliana juu ya jambo hilo. Gacheri alinyamaza, maana wakubwa wake wawili wamesema, na yeye hata kuketi bado hakuweza.

Mtoto alipewa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi yao. Akawa Kathambi. Kiambi alimwita "Mama Mdogo" na kumwuliza kwa heshima kama amelala salama na kama maziwa ya leo yalikuwa na sukari ya kutosha. Mtoto alikuwa mzuri, mwenye nywele nyingi, na alinyonya kwa pupa. Miguu ilirusha shuka kila ilipofungwa. Kama si kile kitu mgongoni, nyumba ile isingekuwa na neno la kumwambia Mungu ila asante.

Lakini akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja. Kagwiria, katibu wao, alipiga simu Jumatatu, sauti imejaa furaha.

"Mama Kiambi, tumepanga Jumamosi. Tunakuja kumwosha mtoto. Unga tumenunua, sukari iko, na mafuta ya mtoto."

Ndivyo walivyofanya kwa kila mtoto wa kanisa. Waliingia wakiimba, wakaomba beseni, wakamvua mtoto nguo zote na kumwosha, kila mama akimshika kwa zamu, akimpaka mafuta na kumtamkia baraka kiungo kwa kiungo: macho yako yaone mema, mikono yako ishike kazi, mgongo wako usiiname kwa adui. Kathambi ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Hakuna aliyeosha watoto wengi zaidi yake.

"Labda mngoje kidogo," alisema. "Mtoto ana mafua."

"Mafua! Mtoto wa juzi, mafua ametoa wapi?" Kagwiria alicheka. "Ama kuna kitu mnatuficha, mwenyekiti?"

Ulikuwa utani wa bure, lakini Kathambi alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya mwenzake kukata. Alisikia kanisa zima likicheka kile kicheko cha Jumapili ile, na safari hii wakimtazama yeye. Mwenyekiti aliomba mkia, na mkia ukaletwa nyumbani kwake, juu ya mtoto anayeitwa Kathambi. Maisha yake yote angesikia hivyo sokoni. Na mtoto je? Nani angemwoa? Nani angemwita kwa jina lake wakati kuna jina lingine tamu zaidi la kumwita?

Aliomba. Hakuomba kwa maneno mazuri ya kanisani. Alimwuliza Mungu amemkosea wapi, na kama ni yeye aliyekosa, mtoto ameingiaje. Alimwuliza kama anacheza naye. Hakujibiwa, au kama alijibiwa hakusikia. Ndipo akaukumbuka uzi.

Kiambi alizaliwa na kidole cha sita. Kilining'inia pembeni mwa kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, laini, hakina mfupa. Mama mkwe wa Kathambi alichukua uzi mweusi wa kushonea, akauchemsha kwa maji ya chumvi, akakifunga kidole kile pale kwenye shina. Kikageuka cheusi, kikakauka, kikaanguka chenyewe mtoto akinyonya. Hakuna daktari aliyeitwa. Kiambi alikua, akaandika ubaoni kwa mkono ule ule, na alichobaki nacho ni kinundu kidogo kama punje ya mtama. Wengi walifungwa hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi Jumanne, Gacheri akiwa amesinzia baada ya uji na Kiambi akiwa shuleni, Kathambi alimchukua mtoto kwenda kumwosha jikoni. Uzi ulikuwa umeshachemka. Alimlaza juu ya mapaja yake, akaupitisha uzi pale palipokuwa pembamba. Mikono yake haikutetemeka. Alikuwa anaokoa mtu.

"Haitauma, mama," alimwambia mjukuu wake kwa sauti nyororo. "Haitauma. Hata baba yako alifungwa, na hakulia."

Akakaza.

Mtoto alilia kilio ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia, chembamba na kikali, kisha akanyamaza ghafla. Kathambi alifunga fundo la pili, akaweka kitambaa safi, akamvika nguo. Mtoto alipolala, naye akatulia, akatoa shukrani.

Kuanzia siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine kumwosha. "Wewe bado una kidonda," alimwambia Gacheri, "utashika maji baridi upate ugonjwa." Gacheri aliona ni wema na akashukuru.

Alhamisi mtoto alikataa titi. Kathambi alisema ni tumbo, akampa maji ya kijiko. Kitambaa cha mgongoni alikikuta kimelowa, si damu wala usaha, maji tu, kama ya machozi. Alikibadilisha. Akajiambia kwamba kitu kinakauka, kinatoa maji yake, Ijumaa kitaanguka. Jioni Kiambi aliinama juu ya mtoto na kumwuliza Mama Mdogo mbona leo hasalimii watu. Mtoto hakugeuza macho.

"Mama, kwani ako sawa?"

"Ni tumbo. Watoto wote hupitia hapo. Hata wewe."

Ijumaa asubuhi Kabale alikuja na maziwa ya ngamia ya mzazi. Alisalimia, akaketi, akamshika mtoto kama ilivyo ada. Hakukaa naye hata dakika moja.

"Subhanallah! Huyu mtoto anachomeka. Na shingo... Mama Kiambi, shingo imekauka!"

Gacheri aliruka kutoka kitandani. Hakumwuliza mtu ruhusa, hakutafuta viatu. Alimpokonya Kabale mtoto akatoka mbio hadi barabarani, leso ikimvuka begani, na pikipiki ya kwanza iliyopita aliisimamisha kwa kusimama mbele yake. Kathambi alifuata na ya pili. Upepo wa Isiolo ulikuwa umeanza, vumbi limejaa barabara yote, na yeye njia nzima alikuwa anamwita Bwana kwa neno moja tu la Kimeru, Mwathani, Mwathani, asiweze kwenda mbele kufika kwenye ombi lenyewe.

Kiambi aliwakuta hospitalini na vumbi la chaki bado mikononi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Asho, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimvua mtoto nguo haraka haraka, akamgeuza, akasimama.

"Hii alizaliwa nayo?"

"Ndiyo," Kiambi alisema.

"Na mliiona siku hiyo hiyo?"

"Tuliiona. Mimi nilidhani..."

"Ulidhani ni nini?"

Kiambi alifungua mdomo. Neno lililomtoka kirahisi hivyo mbele ya mama yake sasa lilikataa. Alitazama chini. "Nilidhani haina shida," alisema.

Daktari alikuwa amesogeza taa. Kwa ncha ya mkasi aliinua kitu chembamba cheusi. "Na huu uzi?"

Gacheri alimtazama mumewe, na mumewe akatazama mkono wake wa kushoto. Akaugeuza polepole. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikaenda chenyewe pale pembeni, kwenye kile kinundu, kikasugua. Halafu akamtazama mama yake.

"Ni mimi," Kathambi alisema. "Ni mimi nimefunga. Ilikuwa ni mkia."

"Mama, huu si mkia." Daktari Asho hakupaza sauti, ingekuwa afadhali kama angepaza. "Huu ni mgongo wazi. Uti wa mgongo haukufunga vizuri akiwa tumboni, ukatoa huu mfuko. Ndani ni maji yale yanayopanda mpaka kwa ubongo. Sasa umepasuka na uchafu umeingia." Aliwatazama wote watatu. "Alikuwa anarusha miguu?"

"Alikuwa anarusha sana," Gacheri alisema. "Hata shuka haikai."

Daktari aliinamisha kichwa akaendelea kutafuta mshipa. Gacheri ndiye aliyelazimika kumwuliza. "Wale wenye wanarusha miguu, huwa wanakuwa aje?"

"Wakiletwa mapema wanafanyiwa upasuaji," Daktari Asho alisema. "Wengi wao hutembea."

Walimtia dawa, wakamwekea mpira puani, wakaanza kupiga simu za rufaa. Kathambi alisimama kwenye korido, mgongo ukutani. Mwanamke mmoja wa kanisani, mfagiaji pale hospitalini, alimwona na kumwuliza kuna nini. Alijibu, "Mtoto anaumwa." Haikuwa na maana tena nani anajua nini. Angekubali mtoto yule apewe mkia mrefu wa kuburuta chini, atembee nao katikati ya soko la Isiolo mchana kweupe, na yeye atembee nyuma ameushika, mradi atembee.

Mtoto alikata roho Jumamosi asubuhi, kabla ya gari la rufaa kuwa tayari.

Katika mshtuko ule hakuna aliyekumbuka kuwapigia akina mama. Walikuja. Gacheri akiwa ameketi sakafuni nyumbani, nguo kifuani zimelowa maziwa, wimbo ulisikika kutoka mbali, ukakaribia, ukapinda kona. Walikuwa wengi, wamevaa vitambaa vyeupe vichwani, Kagwiria mbele na beseni jipya jekundu. Waliimba mpaka getini. Aliyeona uso wa Kiambi kwanza alinyamaza, kisha wa pili, wimbo ukafa kipande kipande, sauti moja ya nyuma ikiendelea peke yake mpaka ikaguswa bega.

Waliingia, wakalia, wakaweka unga na sukari pembeni. Kagwiria hakujua afanye nini na lile beseni. Alilishika kifuani muda wote wa maombi.

Walipoondoka, Kathambi alimpelekea Gacheri kikombe cha chai. Gacheri hakukipokea.

"Nilisema tumpeleke hospitali," alisema. Hakuwa na hasira, au hasira ilikuwa mbali mno haijafika. "Nilisema siku ya kwanza. Mmoja akasema kitabu, mwingine akakubali. Nyinyi wawili mlikuwa mnabishana tangu niolewe hapa, sikuwahi kuwaingilia. Lakini huo mgongo ulikuwa wa mtoto wangu. Mlikuwa mnabishana juu ya mgongo wa mtoto wangu."

Kathambi alisimama na kikombe mpaka kikapoa.

Walimzika Jumatatu kwenye makaburi ya mjini, kisanduku ambacho mtu mmoja alikibeba. Pasta Gichunge hakuhubiri marefu. Alisema aliyemuumba ndiye aliyemchukua, na kwamba hata nywele zake zilihesabiwa. Alisema kwa upole na alimaanisha. Kathambi alimsikiliza huku swali likimpanda kooni, naye akilimeza, likapanda tena: kama mkono ule ulimfinyanga, ulifika mgongoni ukaitwa wapi? Hakuuliza. Alikuwa amesema mengi ya kutosha katika kanisa hilo.

Fundi alikuwa ametengeneza msalaba mdogo wa mbao na kuandika kwa rangi nyeusi. Mtoto hakuwa amepewa majina mengi. Kathambi, msomaji wa polepole, alizisoma herufi moja moja kama alivyozoea, na akafika mwisho kabla ya kutambua kwamba ameyasoma maneno hayo maisha yake yote, kwenye kitambulisho, kwenye kadi ya kanisa. Lilikuwa jina lake. Chini yake palikuwa na tarehe mbili zilizofuatana karibu karibu.

Gacheri hakurudi nyumbani kutoka makaburini. Kaka zake walikuwa wamekuja na gari, akaingia, wakapandisha barabara ya Meru. Kiambi alikuwa amesimama dirishani mwa gari, akaambiwa ampe muda. Hakuambiwa muda gani.

Jioni ile jua lilikuwa bado liko juu ya paa la msikiti. Kiambi alikuwa nyuma ya nyumba, akiosha jembe la kuazima ambalo lilipaswa kurudi kwa mwenyewe. Udongo ulikuwa umeshatoka zamani na bado alikuwa anaosha. Kathambi alitoka jikoni, akasimama, akashindwa kwenda mbele wala kurudi. Tangu hospitalini mwanawe hakuwa amemwambia neno.

"Niseme nini, Kiambi?" alisema mwishowe. "Niambie nikuambie nini, nami nitasema. Ukitaka niondoke, nitaondoka."

Kiambi alifunga mfereji.

"Nilifurahi, Mama."

"Ulifurahi nini?"

"Siku ile. Nilipofungua shuka. Kabla ya kuogopa, kabla ya kitu chochote, nilifurahi. Kwa sababu nimekushinda." Alijifuta uso kwa mkono uliolowa. "Mtoto wangu alikuwa na shida, na mimi nikaona jibu la mtihani. Wewe ulifunga uzi kwa sababu uliogopa. Mimi nilifurahi."

Kathambi alikuja akaketi kwenye jiwe la kufulia, karibu naye. Alitaka kumwambia kwamba si hivyo, kwamba ni yeye, kwamba mkono ni wake, lakini alijua mwanawe anasema kweli. Alikuwa amekiona kile kitu kikipita usoni mwake. Alilia, na Kiambi akamwacha alie.

"Nimesoma yote tangu juzi," Kiambi alisema. "Vile inatokea. Mwezi wa kwanza tu tumboni, mgongo unatakiwa kujikunja ufunge, na mara nyingine haufungi. Kila kitu kimeelezwa. Nimejua vile alivyoharibika." Akachuchumaa mbele yake. "Yeye mwenyewe hayumo. Vile alikuwa ananitazama nikimsalimia, hiyo haimo mahali. Mama, wewe ulikuwa unajua. Miaka yote ulikuwa unajua, mimi nikicheka. Leo sicheki. Niambie. Mtoto wangu aliumbwa?"

Miaka mingapi Kathambi alikuwa ameingoja siku hii? Alikuwa ameiombea kwa kufunga na kukesha, kwamba mwanawe aje amwulize bila kejeli, na yeye amjibu. Alikuwa na majibu ya kujaza ghala. Sasa aliyatafuta, na kila alipogusa alikuta mgongo ule mdogo, na ngozi iliyong'aa, na mahali ambapo hapakufungwa.

Lakini mwanawe alikuwa anamtazama, amechuchumaa mbele yake kama alivyokuwa akichuchumaa zamani akiomba kusimuliwa.

"Aliumbwa," alisema. "Alifinyangwa na mkono wa Mungu, Kiambi. Polepole. Kidole kwa kidole."

"Na mgongo?"

"Na mgongo pia."

Kiambi alitikisa kichwa kukubali, akakubali tena, akaulaza mkono wake wa kushoto katika mkono wa mama yake na kukilaza kichwa chake magotini pake. Kathambi aliufunika mkono ule. Chini ya kidole gumba chake akakisikia kinundu, kidogo, kigumu, pale alipofungwa. Na sauti yake aliyomjibia ilikuwa bado masikioni mwake, nyororo, isiyo na shaka hata chembe, naye akaitambua. Ndiyo ile aliyoitumia jikoni Jumanne, uzi ukiwa mkononi. Haitauma, mama. Haitauma.